Rangi Nyekundu Kwenye Nati

Kwamsisi, Handeni
12 Januari 1975

Mjomba Semboja,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, ila jua linatukaanga na mahindi ya vuli yamekauka yakiwa bado magotini. Mama anakusalimu. Anasema kaka yake amekuwa mtu wa Korogwe kabisa, hata salamu anazituma kwa kupima. Nyumba yake mpya hapa kijijini imekwisha kuezekwa. Bado analilia mikorosho yake aliyoiacha kule kwetu tulikohamishwa, lakini analia kwa sauti ndogo kwa sababu Mwenyekiti Mhina anakaa nyumba ya pili. Zamda mke wangu ana mimba ya miezi sita na hataki kula kitu isipokuwa udongo wa kichuguu.

Sasa neno lililonikalisha chini. Lile gari lililokuwa la Amirali limeanza kunguruma vibaya. Kijiji kililikabidhiwa ili kupeleka wagonjwa Handeni, nami ndiye dereva, kwa hiyo likilala ni mimi ninayetazamwa. Manifoldi ya kushoto, kile chuma kinachokusanya moshi unaotoka kwenye silinda, imepasuka kuanzia tundu la pili hadi la tatu. Kupanda kilima cha kwetu na mgonjwa ndani, abiria wote wanashuka wanasukuma. Juzi hata mgonjwa mwenyewe alishuka.

Je, ikichomelewa itakaa? Naomba jibu kabla ya masika, kwa maana mvua zikianza hakuna basi litakalofika huku.

Mpwa wako,
Kibwana

*

Korogwe
2 Februari 1975

Kibwana,

Marahaba. Salamu za dada yangu nimezipata, na masuto yake pia. Mwambie nitamletea kitenge nikija, na kwamba huyu mtu wa Korogwe bado anakula ugali. Nyumbani tu wazima. Mke wangu, shangazi yako, alisumbuliwa na jino, likang'olewa, sasa anasumbua yeye.

Mpwa wangu, chuma cha kumwaga kwenye kalibu hakichomelewi kikakaa. Ukikichomelea leo, kesho kitapasuka pembeni yake. Na hata kisingepasuka, mimi nisingekirudisha. Gari lile nilikuwa nalihudumia tangu Amirali alipolileta. Ni la Kimarekani, silinda nane, na alipokuwa akiliachia kwenye ule mnyoosho wa Mnyuzi kuku walikuwa wanaondoka barabarani kabla hawajaliona. Lakini manifoldi zake zilikuwa aibu siku zote. Silinda nne zinagombania kitundu kimoja cha kutolea moshi. Injini inajaa pumzi zake yenyewe.

Lilete. Nitatupa zote mbili, kushoto na kulia. Kila silinda nitaipa bomba lake, yawe na urefu mmoja, yakutane chini kwenye bomba moja pana. Nina mabomba ya boila kuukuu kutoka kiwanda cha mkonge, chuma kizuri, si bati hili la siku hizi. Ukirudi huko hakuna atakayeshuka kusukuma.

Bonaventura alipita hapa akaona mabomba yamepangwa sakafuni. Unamjua, nilimfundisha ufundi miaka sita, akaniacha akafungua gereji yake huko Handeni bila hata kuniaga. Akasema mbele ya watu kwamba mabomba ya Semboja hayatamaliza masika moja. Gari ndilo litamjibu.

Mjomba wako,
Semboja

*

Kwamsisi
16 Machi 1975

Mjomba, shikamoo,

Tulifika salama kutoka gereji kwako, na kitenge ulichonipa kilifika salama. Mama amekwisha kukivaa mara mbili kwenda kisimani, ambako hakuna sherehe yoyote. Mvua za kwanza zimenyesha na tumepanda mtama kwenye shamba la kijiji. Zamda amekuwa mzito, anatembea ameshika kiuno. Mama halali mbali naye.

Mjomba, gari limekuwa jingine. Kilima nimekipanda kwa gia ya tatu, watu sita ndani, na Mwenyekiti Mhina alikuwa mmoja wao. Alipofika juu alitazama nyuma kama aliyesahau kitu. Watu wananiita fundi nami nawaambia fundi yuko Korogwe. Mama aliomba apandishwe ili aisikie kazi ya kaka yake. Nilimzungusha hadi kwenye ghala na kurudi, akashuka anacheka peke yake.

Jambo moja dogo. Asubuhi nikiwasha, injini inaimba kidogo upande wa kushoto, tik tik tik, kisha ikipata moto inanyamaza. Inaelekea ni penye nati ya tatu. Nimeziangalia nati zote kumi na mbili, ile rangi nyekundu uliyopaka juu yake iko palepale, haikupasuka. Bonaventura alikuja huku kutengeneza pampu ya kisima, akasikia. Alisema mabomba mapya yakishaonja moto nati zinalegea, hivyo zikazwe tena injini ikiwa baridi. Spana alikuwa nayo mkononi. Nilimkatalia, nikamwambia sina ruhusa.

Niambie nifanye nini.

Wako,
Kibwana

*

Korogwe
2 Aprili 1975

Kibwana,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku tisa, na mimi nilikuwa Kerenge kwa trekta la watu. Shangazi yako anamwombea Zamda kila sala.

Ulifanya vyema kumkatalia. Rangi ile sikuipaka kwa mapambo. Niliipaka ili nikija nijue kama kuna mkono mwingine uliogusa kazi yangu. Hiyo sauti ni chuma kinajizoesha. Umesema mwenyewe, ikipata moto inanyamaza. Acha. Nitakuja mwezi wa tano barabara zikikauka, nitaangalia kwa macho yangu na kukaza kwa mkono wangu. Mpaka hapo asiguse mtu, si Bonaventura wala wewe.

Semboja

*

Kwamsisi
18 Mei 1975

Mjomba wangu, shikamoo, na poleni tena nyote hapo nyumbani,

Tangu uondoke baada ya matanga, watu wanaendelea kuja kuhani, hata kutoka vijiji ambavyo sikujua kama mama anafahamika huko. Arobaini tutaisoma tarehe moja Juni. Najua huwezi kuja tena mara hii, barabara imekatika na una kazi. Tutakuwekea dua.

Roho inaniuma kwamba ulipofika tulikwisha kumzika. Tulingoja hadi alasiri, ikawa haiwezekani tena. Nilikuona umekaa kaburini muda mrefu na sikuthubutu kuja.

Wengi wameniuliza, na wewe uliniuliza mbele ya watu, nikajibu kwamba ilikuwa homa ya ghafla akiwa njiani kumsindikiza Zamda hospitali. Ndivyo ilivyo. Siku yake ilifika. Zamda anaendelea vizuri, na mtoto, wa kiume, ananyonya kwa nguvu.

Kitenge chako tumempa jirani aliyemwosha, kama desturi.

Gari linafanya kazi. Nimetoa vioo vyote vya milango, hewa inaingia vizuri zaidi kwa wagonjwa.

Mpwa wako,
Kibwana

*

Korogwe
8 Juni 1975

Kibwana,

Marahaba, baba. Juzi tulisoma hitima hapa, tukapika wali wa watu arobaini na wakaja sitini. Kila mtu alikuwa na kisa cha dada yangu Mwanaidi. Mimi nilikuwa nacho kimoja tu, cha siku aliponibeba mgongoni kuvuka mto naye ni mdogo kwangu kwa miaka miwili, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa maji. Nilishindwa kukisema.

Homa, umesema. Hakuna mtu aliyewahi kumwona na homa tangu utoto.

Nataka kujua safari ile ilikuwaje. Mlikwama wapi? Kwa muda gani? Yeye alikaa wapi ndani ya gari? Na vioo umevitoa kwa nini, wakati wa mvua, kwenye gari la wagonjwa?

Nijibu.

Semboja

*

Kwamsisi
20 Julai 1975

Mjomba, shikamoo,

Samahani kwa kuchelewa. Hakuna aliyekwenda Handeni kwa muda. Mtama umetoka mdogo lakini umetoka, na kijiji kimepata mgao wa unga wa manjano ambao watoto hawautaki. Mtoto ameanza kucheka. Zamda anamwimbia wimbo uleule aliokuwa akiuimba mama, hata mimi natoka nje.

Ulipouliza juu ya safari, tulikwama kidogo pale mtoni kama kila mwaka. Tulikata matawi, tukaweka chini ya magurudumu, tukatoka.

Vioo vilikuwa vinapiga kelele.

Nakutakia afya njema wewe na shangazi.

Kibwana

*

Korogwe
14 Septemba 1975

Kibwana,

Leo sikutaka kuanza na salamu, lakini shangazi yako amenishika mkono, kwa hiyo nakusalimu, nawasalimu Zamda na mtoto. Tumo ndani ya Ramadhani, nimefunga, na sitaki kuifikia Idi nikiwa na uongo kifuani.

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nilizichana.

Siku ya pili ya matanga, wanaume walipokwenda kusali adhuhuri, nilibaki nyuma nikafungua boneti. Najua uliniona, maana mlango wa nyumba yenu ulikuwa wazi na viatu vyako vilikuwa kizingitini. Nati ya tatu kushoto ilikuwa imezungukwa na masizi meusi kuanzia kwenye kichwa cha silinda hadi kwenye ukuta wa injini. Nyuma ya ukuta ule kuna matundu ya pedali, na chini ya gunia la sakafuni kuna kutu iliyotoboka, niliijua tangu enzi za Amirali; humo ndimo moshi wa injini ulimopita kuingia ndani. Rangi yangu nyekundu ilikuwa nzima juu ya nati. Haikuwa na ufa hata wa unywele. Nilifunga boneti, nikanawa mikono, nikala na watu.

Ulipoandika kwamba umetoa vioo nilijua kwamba nawe unajua. Dereva hatoi vioo kwenye mvua ila awe ameona kilichofanywa na vioo vilivyofungwa.

Sasa sikiliza, nami niseme yaliyo yangu. Barua yako ya mwezi wa tatu nilipoisoma, nilijua. Sikukisia. Fundi yeyote anayefunga mabomba mapya anajua kwamba yakishapata moto mara mbili tatu, nati zinakazwa upya. Nilikuwa nimepanga kukuambia siku ile unaondoka, kukawa na watu wengi gereji wananisifu, nikasahau. Bonaventura alikwambia ukweli, ule niliomfundisha mimi mwenyewe. Ningeandika mstari mmoja tu, kaza nati, yangekuwa yamekwisha. Lakini angekaza yeye. Angekwenda Handeni akasema alikuta kazi ya Semboja inavuja. Kwa ajili ya hilo nikakuandikia kwamba chuma kinajizoesha.

Nilikuwa naona haya. Mtu mzima, mvi kichwani, naona haya mbele ya mtu niliyemfundisha kushika spana. Haya yangu ndiyo yaliyomzika dada yangu.

Kwa hiyo usiniambie tena homa. Nimekungoja miezi minne unilaumu, nawe unaniandikia habari za mtama. Niambie ilivyokuwa. Yote. Usiniache nikiikisia peke yangu, maana ninayoyakisia usiku na mchana ni mabaya kuliko utakayoyasema.

Pamoja na barua hii namkabidhi kondakta wa basi mfuko. Ndani mna spana yangu ya nusu inchi, ile yenye mpini uliopinda.

Semboja

*

Kwamsisi
19 Oktoba 1975

Mjomba wangu, shikamoo,

Idi tuliisali hapa uwanjani, na mtoto alivaa kofia iliyomfunika hadi machoni. Zamda anakuamkia na amesema nikuandikie kila kitu, asingesema yeye nisingeweza. Barua yako na mfuko vilifika siku ya tatu baada ya Idi.

Sikukulaumu kwa sababu sikuwa na mahali pa kusimama. Soma ujue.

Alfajiri ya tarehe ishirini na mbili Aprili Zamda alishikwa na uchungu, mtoto amelala vibaya. Niliwasha gari, likaanza kuimba. Wakati huo halikuwa linanyamaza tena hata likipata moto. Nilikwenda nikachukua spana kwa jirani. Nilikuwa nimekwisha kuifikisha kwenye nati, mjomba, chuma kimegusa chuma. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na furushi la nguo za mtoto. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia. Akasema, "Kaka yangu amesema isiguswe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi weka hiyo spana, twende. Kazi ya kaka yangu haiguswi na mtu." Nikaiweka.

Mvua ilikuwa kubwa. Waipa haifanyi kazi, hivyo niliendesha nimetoa kichwa nje. Zamda alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mlango ambao kioo chake hakifiki juu. Mama hakutaka kumbana, akakaa sakafuni juu ya gunia, amemshika miguu.

Mtoni tulikwama, si kidogo. Jua lilipanda tukiwa palepale. Betri ilikuwa dhaifu, nikaogopa kuzima injini isije ikakataa kuwaka. Nikaiacha ikinguruma, nikafunga vioo wasilowe, nikashuka kukata matawi. Mimi ndiye niliyevifunga. Mara moja mama aligonga kioo. Nikasogea. Akasema, "Kibwana, kichwa kinanigonga." Nikamwambia, "Vumilia mama, tunatoka sasa hivi." Nikarudi kwenye matawi. Nilipoingia ndani Zamda alikuwa anatapika, na mama ameegemea miguu yake kama aliyesinzia. Nilifurahi kwamba amepata usingizi. Nikaendesha hadi Handeni taratibu ili nisimwamshe.

Muuguzi ndiye aliyeniambia.

Kwa hiyo wewe uliandika, yeye akaamrisha, nami nikatii. Nikiwa na spana mkononi nikatii. Nilisema homa ili jina lako lisisemwe kisimani, na ili langu lisisemwe pia. Nikatoa vioo kwa sababu sikuweza kugusa rangi yako hata baada ya hayo yote. Nimebeba wagonjwa tisa kwenye gari hilo tangu wakati ule, wamelowa wote, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Uliomba yote. Hayo ndiyo yote.

Jana asubuhi, injini ikiwa baridi, nilichukua spana yako. Bonaventura alikuwa huku kwa pampu, nikamwita asimame karibu, kwa sababu sikutaka kufanya jambo hilo bila fundi. Amekusalimu. Hakusema neno jingine lolote juu yako, wala hatasema, ameniambia mwenyewe. Niliivua kofia yangu, sijui kwa nini. Nikaiweka spana kwenye nati ya tatu kushoto, nikavuta. Rangi ikapasuka, ikadondoka vipande kwenye bomba.

Nilidhani itakuwa imelegea kabisa. Nilidhani nitaizungusha mara mbili tatu, nipate kusema ilikuwa imeharibika, kwamba mkono wa mtu usingefaa kitu.

Ilizunguka robo, mjomba. Robo moja tu, ikakaza.

Nimewasha. Haiimbi tena.

Mpwa wako,
Kibwana